Siku Tuliyotafuta Kinu cha Mama Kubwa

Kwanza kabisa naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazozikosea. Shule niliishia la saba, na kalamu mkononi mwangu haina haraka. Dada yangu Rehema amesema atapiga picha kila karatasi na kuiweka kwenye kundi letu la simu, sisi tuliokulia mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ili msome popote mlipo, Tanga, Unguja, Kampala au hapahapa Doha. Mnanijua, mimi si msemaji. Lakini siku hii naikumbuka vizuri kuliko ninyi nyote, na leo nitaisimulia mpaka mwisho.

Enzi zetu, jamani, jengo letu lilikuwa na eisii za dirishani zinazonguruma kama lori bovu, na kila moja ilidondosha maji yake uchochoroni. Tuliyakinga kwa ndoo tukaogesha wanasesere na kuosha baiskeli. Mama akipita anasema, "Maji ya eisii si ya kunywa, na jua la hapa halina adabu. Rudini ndani!" Hatukurudi. Tulicheza mpira katikati ya magari yaliyoegeshwa, goli likiwa kati ya Landkruza mbili za watu tusiowajua, na aliyegonga kioo alikimbia peke yake. Jioni tulitumwa mkate kwa Mwafghani, ile mikate mipana inayotoka tanurini inafuka moshi, tunaifunga kwenye gazeti na kuifikisha nyumbani imeshamegwa pembeni kote. Nani kati yenu aliwahi kufikisha mkate mzima? Asidanganye.

Mchezo wetu hasa, ambao sijaona watoto wa mahali pengine wakiucheza, ulikuwa mchezo wa mlinzi. Baba zetu na wajomba zetu wengi walikuwa wa kusimama milangoni, milango ya hoteli, ya maduka makubwa, na baadaye ya maghorofa ya matajiri kule Pearl. Basi nasi tulisimama kwenye ngazi na mwiko wa Mama, tukimpitishia kila anayepanda, kwapani, kiunoni, miguuni, huku tukilia "tiii!" kwa mdomo. "Fungua begi, mama! Toa funguo mfukoni!" Rehema alikuwa mlinzi mkali kupita wote. Alimpekua hata paka. Watoto wa siku hizi wana michezo elfu ndani ya simu moja, lakini wape mwiko, watakuuliza unachajiwa wapi.

Mlinzi wa kweli tuliyemwiga alikuwa Anko Wafula, Mkenya wa Bungoma aliyekaa chumba cha chini. Kazini alisimama mlango wa duka kubwa. Siku moja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mashine ya kutafuta vyuma ardhini, fimbo ndefu yenye sahani mwishoni, unaipunga juu ya mchanga nayo inalia ikinusa chuma. Wakubwa waliiita diteta. Sisi watoto tuliiita fagio, maana mtu akiwa nayo unaona kabisa anafagia. Madereva na walinzi wenzake walipendezwa, wakachanga wakaongeza mbili nyingine, ikawa klabu. Kila Ijumaa walikwenda ufukweni, suruali zimekunjwa magotini, miguu mitupu, wakarudi na funguo, vizibo vya soda na sarafu zilizooza. Mama alikuwa akicheka. "Kazini anapekua watu, Ijumaa anapekua mchanga. Mtu huyu hapumziki?"

Baba naye aliingia klabuni. Baba yangu, Hamisi, alikuwa dereva wa familia moja ya Kikatari, na aliyempeleka kila mahali hasa alikuwa bibi wa nyumba ile, mwanamke mzee mwembamba anayenukia udi, ambaye wafanyakazi wote walimwita Mama Kubwa. Njiani Mama Kubwa alizungumza, na Baba alisikiliza. Ndivyo tulivyopata habari za kinu.

Mama Kubwa alizaliwa katika kijiji cha pwani ya kaskazini, zama watu wakiishi kwa kuzamia lulu. Alipokuwa msichana mdogo familia yao ilihamia Doha. Siku ya kuondoka baba yake alifukia kinu cha kahawa, kinu cha shaba, chini ya sakafu karibu na meko, akasema joto likipungua watarudi. Hawakurudi, wala wengine. Kijiji kilibaki na kuta zake.

Kinu kile hakikuwa cha kutwangia tu. Kwao, anayetwanga kahawa alikigonga kwa mapigo maalumu, na kila nyumba ilikuwa na mapigo yake. Ukisikia unajua ni nyumba ya nani, kahawa inakaribia, na lazima uende, hata kama mmenuniana na mwenye nyumba. Mama Kubwa alitaka kuyasikia tena mapigo ya nyumba ya baba yake. Na hapo ndipo palipokuwa na haraka. Sikio lake la kushoto lilikwisha kufa, na la kulia daktari alisema nalo linakwenda. Baba ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa daktari huyo. Siku waliyoambiwa hivyo, wakiwa bado ndani ya gari, Baba akamwahidi.

Usiku huo Mama alimkalia kooni. "Umemwahidi mtu mzima kitu kilicho chini ya ardhi?"

"Nina klabu," Baba akasema.

"Klabu ya vizibo vya soda!"

Wakanuniana kutoka siku hiyo.

Mahali pa kale hapafukuliwi ovyo, kilichomo ni cha nchi. Mjukuu wa Mama Kubwa akaenda kuomba ruhusa, na ofisi ya mambo ya kale ikaitoa, Ijumaa moja tu, pamoja na kijana wao wa kutusimamia, Ustadh Jasim. Baada ya hapo kijiji kingezungushiwa uzio, na wataalamu wangekichimba taratibu kwa miaka. Wao bila shaka wangekipata kinu. Lakini sikio lisingewasubiri. Ustadh Jasim akatuma neno moja, kwamba kuna miiba, misumari na nge, kwa hiyo wanaotafuta wavae viatu imara.

Asubuhi hiyo basi letu dogo, Koasta, lilijaa. Mama alibeba sufuria ya pilau iliyofungwa blanketi, maandazi kwenye beseni, na chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa. Wanaume wote walivaa viatu imara kuliko vyote walivyokuwa navyo, buti za kazini, nyeusi, nzito, zimepigwa rangi zikang'aa. Sisi watoto tulivaa yeboyebo za plastiki, maana tuliambiwa tutakaa mkekani na Mama. Mama Kubwa alikaa kiti cha mbele, na njia nzima alipinda kiganja nyuma ya sikio la kulia, kana kwamba kinu kingeanza chenyewe.

Kijiji kilikuwa kuta za mawe zilizokatika kila moja kwa urefu wake, na bahari nyuma yake, nyeupe kwa jua. Ustadh Jasim, kijana mwenye kanzu safi na kandambili za ngozi, alikuwa amefika na masanduku yake ya plastiki na vijikaratasi vya kufungia alama. Alisema kwa Kiarabu, Baba akatafsiri: hakuna kinachoingia mfukoni, kila shimo lifukiwe, na kitakachopatikana hakisuguliwi, hakioshwi, hakigongwi. Mama Kubwa alinyoosha mkongojo wake kwenye safu moja ya kuta. Nyumba yao ilikuwa pale. Ipi hasa, hakuweza kuapa, kwa maana zote zimelala.

Mafagio yakawashwa. Hata dakika haikupita.

"Wee Hamisi! Kuja!" Anko Wafula akapiga kelele. "Hapa kuna kitu, nakuambia ukweli!"

Wakachimba. Mchanga. Akasogea hatua, tiii! Wakachimba. Mchanga. Baba upande wa pili, tiii! Dereva mwingine huko, tiii! Kijiji kizima kikawa kinaimba.

"Hiki si kijiji," Anko Wafula akasema, jasho likimtiririka. "Hii ni benki!"

Benki ile ilitoa msumari mmoja na kopo la samaki. Mashimo yalizidi kuongezeka, na wanaume walichimba kwa pupa kama watu wanaofukua maji. Mama Kubwa kutoka kwenye kiti alichowekewa kivulini akasema jambo refu. Baba hakulitafsiri. Rehema, aliyejifunza Kiarabu cha uchochoroni, akatutafsiria yeye. "Kasema mnachakura kama kuku."

Ustadh Jasim hakucheka. Alipita kwenye mashimo, akarudi kwa Baba, akazungumza kwa sauti ya chini. Niliona uso wa Baba ukibadilika. Alimwambia Mama kwa kifupi, maneno ya kwanza tangu wanuniane. "Anasema tunapaharibu. Baada ya sala anafunga." Hakuna aliyemwambia Mama Kubwa. Aliendelea kutazama kuta zake, kiganja nyuma ya sikio.

Adhuhuri wanaume wakavua buti, wakazipanga ukingoni mwa mkeka, wakasimama kuswali kama wasafiri. Mafagio yaliegemezwa ukutani. Na Rehema, mnamjua, akalitazama moja, akanitazama mimi.

"Mwanaidi, wewe mteja."

Mteja nilikuwa mimi siku zote. Nikanyoosha mikono. Akanipitishia fagio la kweli, kimya. Akapekua kapu la Mama, tii! "Mama, una kijiko. Pita." Halafu akageukia safu ya buti, akakunja uso kama Anko Wafula mlangoni. "Na ninyi mabwana, toeni mlichoficha!"

TIIII! Buti ya kwanza. TIIII! Ya pili. Akaenda nazo moja baada ya moja, na kila moja ililia. Kule kwenye sala niliona mabega yakitikisika. Anko Wafula, ambaye ni Mkristo na alikuwa amekaa mlangoni mwa Koasta na kikombe, alitema chai yote.

"Mungu wangu! Ni buti! Ni hizi buti zetu!"

Wale wa kazi za ujenzi mnazijua buti hizo, zina chuma mbele ya vidole ili tofali likianguka mtu asikatike. Ufukweni walikwenda pekupeku, kwa hiyo hawakuwahi kujua. Asubuhi nzima walikuwa wakichimba miguu yao wenyewe. Baba alitoa salamu, kulia, kushoto, kisha akaitazama buti yake kama mtu anayemtazama ndugu aliyemchongea kwa polisi. Halafu akaenda mbio, pekupeku, kwa Ustadh Jasim. Sijui alimwambiaje. Alirudi akisema, "Mpaka alasiri. Basi."

Anko Wafula akajaribu kwenda miguu mitupu, akapiga hatua chache, akarudi akirukaruka na mwiba. Wenye viatu visivyo na chuma tulikuwa sisi wa yeboyebo. Rehema akapewa fagio kwanza. Alikimbia nalo ukuta hadi ukuta kama anafukuza kuku, na fagio halikusema kitu.

"Hiyo haitaki mbio," Anko Wafula akaita huku Mama akimtoa mwiba. "Mpe yule mwingine. Yule wa polepole."

Ndugu zangu, darasani neno hilo lilikuwa aibu yangu. Wenzangu walikuwa uwanjani, mimi bado nanakili mstari wa mwisho ubaoni. Siku ile lilitamkwa kwa kunihitaji. Nikalishika fagio.

Mama Kubwa akainuka. Mkongojo wake ulikuwa na ncha ya chuma, Baba akamwomba auache, kwa hiyo akaegemea bega langu. Tukaenda hivyo, mimi nafagia, yeye ameniegemea, nyumba ya kwanza, nyumba ya pili. Kwenye ya tatu alisimama mahali ambapo ukuta ulikatika kidogo, akatazama chini, akavua viatu vyake. Hapo palikuwa mlango. Akatoa salamu kwa watu wasiokuwepo. Nami nikavua yeboyebo zangu, kwa sababu ilikuwa nyumba ya mtu.

Ndani nilifagia kama ninavyoandika, kipande kwa kipande. Kimya, kimya, kimya. Karibu na mawe meusi ya moshi fagio likatoa mlio mnene, si kama wa msumari, kama mtu anayeita kutoka chumba cha ndani. Mama Kubwa hakuusikia. Lakini alisikia bega langu limesimama. Akanibana kwa vidole, akaita, "Hamisi!"

Baba alichimba kwa mwiko wa muashi, magotini, Ustadh Jasim akifagia mchanga kwa brashi. Kwanza ulitokea mdomo wa kinu, kijani kabisa, halafu tumbo, halafu mchi ukiwa ndani, umekwama kwenye mchanga. Hakuna aliyepiga vigelegele. Ustadh Jasim alikitoa kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto.

Baba akasema naye kwa Kiarabu, na Rehema alinitafsiria sikioni.

"Ustadh, apige mara moja."

"Nilisema asubuhi. Havigongwi."

"Mwakani hatasikia."

Ustadh Jasim akakigeuza kinu mikononi. Akamwinamia Mama Kubwa upande wa sikio la kulia, akamwita "mama yangu", kama wanavyowaita wazee wao, akamuuliza anakijua kwa alama gani. Mama Kubwa akasema mdomoni pana pengo, alikiangusha mwenyewe utotoni akachapwa. Kijana akapitisha kidole ukingoni taratibu. Kidole kikasimama.

Akavua kitambaa chake cheupe cha kichwani, akakikunja, akakiweka juu ya jiwe, akakisimamisha kinu juu yake. Akauzungusha mchi mpaka ukaachia, akamwaga mchanga. Kisha akampa Mama Kubwa ule mchi. "Shwaya shwaya," akasema. Polepole.

Pigo la kwanza lilikufa, kulikuwa na mchanga bado. Mama Kubwa akacheka, akakiinamisha, akakipigapiga kitako kama mama anayemcheulisha mtoto. Halafu akapiga. Mawili mazito katikati, matatu mepesi yakizunguka mdomoni, kunyamaza, halafu tena. Mlio ule ulikuwa safi, na mrefu, ulikwenda ukagonga kuta zote za kijiji ukarudi.

Ustadh Jasim akainuka akatoka. Nilidhani amekasirika. Alizunguka nje akaja pale palipokuwa mlango, akavua kandambili, akatoa salamu, akaingia kama mgeni. Ameitwa, amekuja. Baba naye akatoka akaingia. Halafu wote, mmoja mmoja, wakipitia mlangoni ingawa kuta zingerukika kwa hatua moja. Wa mwisho alikuwa Anko Wafula kwa mguu mmoja.

"Nimeitwa, nimekuja. Kahawa iko wapi?"

Kahawa haikuwepo. Mama akaleta chai yetu ya tangawizi, akaimimina kwenye vifuniko na vikombe vilivyokuwepo. Cha kwanza alimpa Mama Kubwa. Cha pili alimpa Baba, akamwambia, "Kunywa, mtu wa vizibo." Huo ndio ukawa mwisho wa kununiana.

Baba akamuuliza Mama Kubwa kama amesikia. Yeye akajibu maneno mengi, taratibu, mkono umelala juu ya kinu.

"Anasema amesikia," Baba akatuambia.

"Mbona kasema mengi?" Rehema akauliza.

"Mengine ni yake."

Alasiri kinu kikafungwa alama, kikaingia sandukuni, na hakuna aliyelalamika. Mashimo yote tukayafukia, hata yale ya buti.

Siku hizi Doha ina treni ya chini, na dirisha la chumba chetu cha zamani lina eisii isiyonguruma. Mama Kubwa ametangulia mbele ya haki, na sikio lake la kulia lilimtangulia. Anko Wafula amerudi Bungoma, Baba na Mama wako Tanga. Juzi nilimpeleka Salim, mtoto wa Rehema, kwenye jumba la makumbusho. Kinu kipo, ndani ya kioo, kimewekewa taa, na pengo lake limegeuzwa mbele. Salim alikipiga picha kabla hajakitazama.

"Mama mdogo, hiki ni nini?"

"Kinu. Kinaita watu."

"Kama notifikesheni?"

"Kama notifikesheni. Ila hiki ilibidi uvae viatu uende."

Akacheka, akarudi kwenye simu yake, akaniacha na kioo. Hakuna pa kubonyeza usikie. Kibao kimeandika shaba, kimeandika kahawa, hakikuandika mlio. Mimi nikakaa kwenye benchi la mbao, nikaugonga mlio ule kwa ncha za vidole, mawili mazito, matatu mepesi, kunyamaza, tena. Sikuita jina la mtu. Salim alikuwa mwisho wa ukumbi. Akainua kichwa, akatia simu mfukoni, akaja mpaka mbele yangu.

"Umeniita?"

Nikamwambia ndiyo, kaa.

Sasa nawaomba ninyi mliokuwa ndani ya Koasta ile. Mimi nashikilia kwamba yale matatu yalikuwa mepesi na yalizunguka mdomoni. Rehema anasema la mwisho lilikuwa zito. Aliyesikia mwingine aniandikie, kwa mwandiko wowote, hata mbaya kuliko huu, aniambie lilivyokuwa. Nitasoma polepole, na nitajibu kila mmoja.